Miaka Tisa kwenye Dirisha la Mutuelle

Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Msicheke. Baba yangu ana miaka hamsini na moja na bado anawahi basi la kwanza, lakini yeye alianza kazi akiwa na ndevu. Mimi nilianza nikiwa na pengo la meno mbele.

Kazi yenyewe haina jina, ndiyo maana haina likizo. Unabeba makaratasi ya wakubwa na kwenda nayo mutuelle. Mutuelle, kwa nyinyi wadogo zangu ambao hamjaugua vya kutosha, ni ofisi inayosimama kati yako na serikali ukiumwa. Daktari unamlipa, mutuelle inakurudishia sehemu. Sehemu hiyo ni kubwa au ndogo kutegemea sheria ya siku hiyo. Nimeandika "ya siku hiyo" makusudi.

Watu wanadhani wazee wetu wanatutuma kwa sababu hawajui Kifaransa. Uongo mtupu. Maman Odette wa ghorofa ya tatu, jengo letu hili hili la mtaa wa Evere, huku Uzunguni, ana Kifaransa cha masista wa Lubumbashi. Akikukaripia kwacho unarudi nyumbani kutafuta kamusi. Wanatutuma kwa sababu ya aibu. Mtu mzima hawezi kusimama mbele ya kioo, foleni inampumulia shingoni, aulizwe na msichana wa umri wa binti yake anapata nini kwa mwezi na anaishi na nani. Mtoto anaweza. Mtoto anaruhusiwa kuuliza swali la kijinga mara tatu, na mara ya tatu hujibiwa vizuri. Hiyo ndiyo bidhaa yetu. Tunauza ujinga, na soko halijawahi kukauka.

Aliyenifundisha ni binamu yangu Ya Solange, dada mkubwa wa ukoo, aliyefanya kazi hii kabla yangu mpaka alipoolewa akahamia Liège. Alinikabidhi bahasha ya plastiki ya kijani na amri zake. Kalamu mbili, kwa sababu moja itaazimwa na haitarudi. Usitoe karatasi ya asili, toa nakala, hata akikuomba kwa tabasamu. Tabasamu ndilo la kuogopa. Na barua ya ofisi isome kuanzia nyuma.

"Mbele banakusalimia," alisema. "Nyuma njo banakuchapa."

Sikumsikiliza hata kidogo, kama nyinyi sasa hivi. Enzi zile mutuelle ilikuwa ikituma stika ndogondogo zenye jina na namba ya kila mtu, na kila ukitoka kwa daktari unabandika moja kwenye karatasi yake kabla ya kuipeleka. Stika za baba zilifika siku nilipopewa madaftari mapya. Mimi na miaka yangu minane niliona zawadi. Nilibandika kila daftari, kisanduku cha kalamu, na begi. Kwa wiki nzima, kwa mujibu wa madaftari yangu, nilikuwa mwanaume mwenye masharubu aliyezaliwa Likasi. Baba alipoumwa mgongo hakukuwa na stika hata moja. Alibandua ile ya daftari la hesabu, ikatoka na kipande cha jedwali la saba, akaibandika hivyo hivyo na gundi ya karatasi. Mama wa dirisha la pili aliigeuza, akasoma "saba mara nane", akaangalia mimi, akaangalia baba, akacheka hadi miwani yake ikaning'inia kwenye mnyororo. Baba alirudishiwa chake.

Nakumbuka kicheko kile kuliko ninavyokumbuka jedwali la saba. Kulikuwa na mtu nyuma ya kioo, na mtu anaweza kucheka.

Mama yule simtaji jina. Sisi tulimwita Madame wa Pili, kwa sababu ya dirisha lake. Alimjua Maman Odette tangu mwaka wa kwanza wa ujane wake. Maman Odette ana moyo mbovu, vidonge vitano kila asubuhi, na daktari wa moyo anayependa kumwona kama vile wanachumbiana. Kwa vile kipato chake ni kidogo, alikuwa na ile haki ambayo nyumbani tunaiita statut tu. Ukiwa na statut, daktari na dawa vinakugharimu kidogo sana. Usipokuwa nayo, unaanza kuchagua kiungo cha kutibu.

Kila mwaka ilibidi ajaze karatasi ya kuapa kwa heshima yake anaishi na nani. Mara ya kwanza nilipomsindikiza, Madame wa Pili aliuliza, "Nyumbani mko watu wangapi?" Maman Odette akaanza kuhesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja, akaingia wa pili.

"Sept," akasema.

"Saba? Kwenye vyumba viwili? Wanalala wapi, madame?"

"Kulala? Hapana, bao banalala kwabo. Banakula kwangu."

"Mimi nauliza wanaoishi."

Maman Odette akanigeukia kana kwamba Madame amelewa. "Umwambie, mutoto. Muntu anaishi kule kwenye iko anakula."

Nikatafsiri. Madame wa Pili akaweka kalamu chini, akavuta pumzi, akaichukua tena, akaandika: moja. Mwaka uliofuata hakuuliza tena. Aliandika moja, akauliza moyo unaendeleaje.

Sasa nikwambieni jinsi serikali inavyobadilisha sheria, maana shuleni mtafundishwa kuhusu bunge na mtaamini. Hapigi mtu ngoma. Kwanza waziri anatokea kwenye televisheni akisema réforme, na baba anaongeza sauti, na hakuna anayeelewa, naye anapunguza. Kisha kimya cha miezi. Kisha linakuja gazeti dogo la mutuelle lenye mzee wa Kizungu anayecheka juu ya baiskeli, na jambo lenyewe liko kurasa za ndani, chini ya mapishi ya supu ya boga. Kisha barua. Barua ikifika, jambo limeshaanza. Barua haikuulizi chochote, inakujulisha tu, kama mtu anayekukanyaga kwanza ndipo aseme pardon.

Kwa hiyo ukisikia sheria imebadilika, usiulize kama ni nzuri au mbaya. Hilo hata wao hawajui. Uliza mambo matatu. Inaanza siku gani. Nani anaingia bila kuomba, na nani lazima aombe mwenyewe. Na la tatu, ambalo sikuliuliza mimi mwenye uzoefu wote huu: habari zetu watazitoa wapi.

Maana yalikuja mabadiliko. Stika zikafa, daktari akaanza kutuma kila kitu kwa kompyuta. Dirisha la mtaani likafungwa, likawa duka la miwani. Miadi kwa simu, dakika quarante, arobaini nzima, za muziki wa filimbi. Na ikaja barua ikisema kuanzia sasa hakuna tena kuapa kwa karatasi: kompyuta yao itaangalia yenyewe kwenye daftari la wakazi la komini, serikali ya mtaa, nani anaishi wapi, na statut itatolewa automatique. Tulishangilia! Nilikunywa Fanta mbili. Nilihesabu jioni nitakazookoa. Maman Odette peke yake ndiye hakushangilia.

"Donc Madame hataniuliza tena moyo wangu uko namna gani?"

"Hapana, Maman. Kompyuta haiulizi."

"Ah bon," akasema.

Mwaka huo huo Papa Delphin akapata kazi ya kuosha masufuria kwenye jiko la hoteli. Papa Delphin ni mtoto wa baba mdogo wa Maman Odette. Baba zao walitoka tumbo moja. Alikuwa akilala kwa marafiki, leo hapa kesho pale, na sasa alihitaji anwani ya kudumu ili aanze kuomba mkewe na watoto waje kutoka Lubumbashi. Maman Odette hakufikiri hata muda wa chai kupoa.

"Delphin atalala ku batu ba inje, na miye niko na salon tupu, kochi bila muntu? Kaburi ya baba yangu itapasuka."

Mimi ndiye niliyebadilisha anwani. Kwa simu, nimekaa kwenye ngazi, dakika kumi, huku natafuna. Papa Delphin alininunulia frites, chipsi za hapa, na kuniita maître, na nikajiona wakili. Komini ikakubali. Hakuna aliyewaza kuiuliza mutuelle. Kwa nini tuiulize? Kwetu hakuna anayekwenda ofisini kuomba ruhusa ya kumlaza mtoto wa baba yake mdogo. Ungeuliza ungeonekana mgonjwa wewe.

Ilikuwa miezi mizuri ile. Papa Delphin alisonga bukari, ugali wetu, kama mtu anayepigana nayo. Jumamosi alipandisha mifuko ya sombe, kisamvu chetu, na samaki kutoka maduka yetu ya Matonge, kule Chaussée de Wavre, ghorofa tatu kwa miguu, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili na kukosea. Alikoroma mpaka jirani wa Kiflemi akabandika kikaratasi mlangoni. Maman Odette alilalamika kwa kila mtu, na kila alivyolalamika alizidi kunenepa.

Halafu barua. Niliisoma kuanzia nyuma, kama nilivyofundishwa. Statut inakwisha mwisho wa robo hii ya mwaka. Juu kidogo: kipato cha kaya kimevuka kiwango. Juu zaidi: kipato chako pamoja na cha mwenzi wako unayeishi naye. Na jina la mwenzi likiwa limeandikwa wazi. Papa Delphin.

Nikaisoma mara tatu kimya. Maman Odette alikuwa anachambua mboga.

"Banasema nini?"

"Wanasema... statut inaondoka, Maman."

"Juu ya nini?"

Kuna maneno ambayo mtoto wa miaka kumi na sita hatakiwi kumtafsiria mama wa kanisa. Nikampa barua asome mwenyewe, kwa Kifaransa chake cha masista. Akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akasoma tena.

"Bwana yangu?" akasema. "Delphin? Banamwita Delphin bwana yangu?"

Papa Delphin alikuwa mlangoni na mifuko yake. Akaiweka chini polepole, kama mtu aliyeona nyoka.

Nilidhani itachukua wiki mbili kurekebisha. Nilikuwa nimerekebisha makubwa zaidi. Lakini robo ya mwaka ikaisha tukiwa bado kwenye muziki wa filimbi, na siku moja nikapanda kumpelekea chumvi, nikamkuta anakata vidonge vyake kwa kisu cha samaki. Nusu leo, nusu kesho. Alikuwa amevipanga juu ya kibao kwa mistari miwili, vizuri kabisa, kama mtu anayegawa mahindi.

"Usiambie mama yako," alisema.

Sikumwambia mama. Nilipiga simu kabla ya shule, wakati wa mapumziko, chooni, mpaka nikapata miadi kwenye ofisi yao kubwa, karibu na Chaussée d'Ixelles. Na nani nilimkuta kwenye meza? Madame wa Pili. Miwani ile ile, mnyororo ule ule, ila sasa hakuwa na kalamu. Alikuwa na skrini mbili, na mabega yaliyoinama kama ya mtu aliyebebeshwa zote mbili.

Alimtambua Maman Odette, akamshika mkono. Kisha akaeleza, akihesabu kwa vidole vyake mwenyewe. Mzazi, mtoto: hawahesabiwi kuwa mwenzi. Kaka, dada: hawahesabiwi. Mjomba, mpwa: hawahesabiwi. Akafika kidole cha mwisho. Binamu: huyo yuko mbali vya kutosha. Mtu mzima wa mbali namna hiyo, akiandikishwa anwani moja na wewe, kompyuta inamchukua kuwa mwenzi wako.

Nawaandikia jibu la Maman Odette kwa lugha ya kwetu, lakini alilisema kwa Kifaransa, tena kile chenye pembe.

"Madame, baba yake na baba yangu balinyonya ziwa moya. Kwetu mwanaume akinitazama vile na iko mutoto wa baba mudogo, haiitwe ndoa. Inaitwa laana. Miye niko mujane wa kanisa. Unafuta ile neno."

"Nakuamini, madame."

"Basi, ufute."

Madame wa Pili akageuza skrini moja tuione. Kulikuwa na visanduku vingi, vyote vya kijivu, kama madirisha ya jengo lililohamwa. "Zamani ningeandika pembeni," alisema. "Zamani kulikuwa na pembeni."

Nikaleta ujanja wangu. Vipi tukileta vyeti vya kuzaliwa kutoka Lubumbashi? Akatikisa kichwa: vyeti vitathibitisha kwamba ni binamu, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Kupinga kwa maandishi inawezekana, ndiyo, lakini itachukua muda, hajui muda gani. Nikatazama mkoba wa Maman Odette. Nilijua ndani yake kuna kichupa chenye nusu za vidonge. Njia ya haraka ilikuwa moja. Bwana huyu aandikishwe anwani nyingine.

Kwenye basi la kurudi nikatoa ujanja wa pili, ule mnaoufikiria sasa hivi. Papa Delphin aandikishwe kwetu, ghorofa ya kwanza, kwenye karatasi tu. Aendelee kulala salon, aendelee kukoroma, nani atajua? Nilikuwa nimekwishapanga mpaka mswaki wake ukae wapi. Jioni nikamweleza mwenyewe, nikiwa nimejivuna.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Maître," akasema, "muke na batoto bangu bako mu dossier. Bakikuta adresse ya uongo, banaifunga. Niko nangojea tangu zamani."

"Hawatagundua, Papa Delphin."

"Kompyuta iligundua niko bwana ya dada yangu. Itashindwa na ile?"

Nikautoa mswaki wake kwenye mpango.

Maman Odette akasema ataacha statut, atakunywa nusu, Mungu atajaza nusu nyingine. Papa Delphin akasema hapana. Wakagombana vile wanavyogombana watu wanaotaka kupeana kitu, kwa sauti kubwa, wakiitana majina ya utotoni. Mwisho Papa Delphin akashuka ngazi bila kuaga na kesho yake akarudi na ufunguo. Chumba juu ya duka la vitenge, Chaussée de Wavre, choo cha kushirikiana, dirisha linatazama ukuta. Alihama Jumapili baada ya misa. Vitu vyake vilijaa mifuko miwili. Aliahidi kuja kula kila siku, na alikuja, wiki ya kwanza. Lakini hoteli iko upande wa pili wa mji na zamu zake zinabadilika, na kutoka Matonge hadi Evere si njia ya mtu aliyesimama kutwa mbele ya masufuria. Jumapili anakuja bado. Statut nayo inarudi, walisema, mara tu komini itakapothibitisha kwamba amehama kweli.

Gracia, mdogo wangu, bahasha ni yako sasa. Najua unadhani nimechoka kwa sababu ya mitihani. Mitihani ni usingizi. Nimechoka kwa sababu nilikuwa hodari. Nilibadilisha anwani vizuri, nikapata miadi vizuri, nikajaza fomu ya kumtoa Papa Delphin bila kosa hata moja, na kila hatua nilipongezwa. Nyinyi mtakuwa na simu nzuri kuliko yangu na mtamaliza kwa dakika mbili. Ndiyo maana nawaambia: kabla hujajibu swali lolote la ofisi, hata dogo, hata la anwani, uliza jibu hilo linakwenda wapi likitoka hapo. Uliza mara tatu. Wewe ni mtoto, unaruhusiwa.

Niliamua kustaafu siku alipokuja agent de quartier, polisi wa mtaa anayekagua nani anaishi wapi. Ilikuwa Jumatano mchana, wiki mbili baada ya Papa Delphin kuhama. Kijana mpole, mwenye masikio mekundu, alivua viatu bila kuombwa. Akatazama salon: kochi, hakuna kitanda. Bafuni: mswaki mmoja. Chini ya kiti: ndara jozi moja. Alikuwa anaandika huku anaona haya, na mimi nilikuwa kando yake nikimwongoza kama mwenye jumba la makumbusho.

Jikoni akasimama. Mezani kulikuwa na sahani mbili. Bukari mbili, za duara, bado zinatoa moshi.

"Na hii ya pili, madame? Ni ya nani?"

Nilimwona Maman Odette akiitazama sahani ile kama mtu aliyeshikwa. Alikuwa amesonga kwa mazoea. Mkono wake ulikuwa bado haujapata barua.

"Yako," akasema. "Kaa, mutoto wangu. Itapoa."

Kijana akanitazama. Nikamvutia kiti. Nini kingine ningefanya? Akala, kwa uma, akasema ni tamu, akaongezewa sombe. Maman Odette alimtazama anavyokula mpaka akamaliza. Kisha kijana akapangusa vidole, akafungua daftari lake, akaandika sentensi moja na kumgeuzia asaini.

Maman Odette, mwenye Kifaransa cha masista, akanisukumia daftari mimi.

"Soma."

"Madame anaishi peke yake," nikasoma.

"Tena."

Nikasoma tena. Akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, la ubatizo, la baba yake, na la marehemu mumewe, herufi moja moja, bila haraka. Akamrudishia kijana daftari lake.

"Bon," akasema. "Ilikuwa kweli tangu ile dimanche Delphin alihama. Sasa iko na signature."